Chupa za Mishumaa ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu cha chupa tupu nikaambiwa, "Chagua." Sikuambiwa nichague za nini. Nikachagua zilizo nzuri. Bwana Stoo, msimamizi wa ghala, akacheka.

"Binti, hatupambi sebule. Twatia mishumaa."

Ilikuwa wakati wa vita na mafuta ya taa yalikuwa adimu. Zahanati yetu, upande wa Wingwi, ikawa yajitengenezea taa. Nta ya nyuki ilikuwa haba, kwa hiyo tuliichanganya na mafuta ya nazi. Mchanganyiko huo ni laini, hausimami peke yake kama mshumaa wa dukani. Lazima umiminwe ndani ya chupa ya mdomo mpana, na utambi wa pamba ukae katikati. Mdomo ukiwa mwembamba, moto wakosa hewa, wazimika.

Hayo niliyaelewa. Kilichonitatiza kilikuwa kioo chenyewe.

"Chukua nene," alisema Bwana Stoo. "Nyembamba hazistahamili moto."

Nikimpelekea Bibi Mkuu wa Wakunga, ananirudishia. "Nani kakwambia nene? Nene ndizo zipasukazo. Lete nyembamba."

Nilizijaribu zote. Nilizipasha joto kabla ya kumimina, nikaziepuka zenye mapovu ndani ya kioo na zenye kitako kilichopinda. Nene zilipasuka, nyembamba zikapasuka; nyingine, nene na nyembamba, zikawaka mpaka nta ikaisha. Nikawa nawaitikia wakubwa wangu wote wawili, "Inshallah," na kuchagua kwa kugonga kwa ukucha na kusikiliza.

Mchana mmoja wa masika, mvua ya upepo, madirisha yamefungwa, aliletwa Bi Mize wa Shumba, uchungu umemshika. Chumba kilikuwa giza. Niliwasha chupa niliyoiamini kuliko zote nikaiweka kando ya kitanda. Ikapasuka. Nta ikamwagika, moto ukarukia chandarua. Bibi Mkuu akakivuta kwa mikono mitupu, akakikanyaga, na viganja vyake vikababuka.

"Njoo hapa!" akaniita.

"Mie? Mie wa chupa!"

"Mtoto aja! Mimi sina mikono. Nitasema, wewe ufanye."

Alisema, nami nikafanya. Sikujua ninachokishika ni kichwa au bega. Nilijua kazi imekwisha pale mtoto wa kike alipolia.

Bibi Mkuu, mikono imefungwa bendeji, aliniambia, "Stoo usirudi tena. Kesho uje kwangu." Hivyo ndivyo nilivyoingia ukunga, kisha nikahamishiwa Mkoani, na huko nikafanya kazi mpaka nilipostaafu.

Wanaojifunza ukunga huniuliza chupa ile ilipasukia nini. Sijui. Nyingine ya kikapu kile kile, ya umbo lile lile, iliwaka siku hiyo hiyo chumba cha pili, isifanye kitu. Bwana Stoo alisema ilikuwa nyembamba mno. Bibi Mkuu akasema ilikuwa nene. Nami niliyeichagua, siwezi kuapa.

Baada ya kustaafu nilikwenda Shumba kumtazama Bi Mize. Tulipokwisha kuamkiana, nikamtaka radhi kwa hofu ya moto ule.

Akanikazia macho. "Moto gani, bibi? Mie nakumbuka chumba kilikuwa giza, mara kikajaa mwanga, nikamwona mwanangu."