Kilichoziba Mguu wa Buberwa

Mwesiga alipoanza kusimamasimama kwenye kilima cha Kishanda, majirani walidhani anakagua migomba yao. Kumbe kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kinakaza kama kamba. Akipumzika kinaachia, akipanda tena kinakaza. Unyayo wenyewe ulikuwa wa baridi hata kwenye jua kali. Hakumwambia mtu, kwa kuwa baba yake, Buberwa, alianza hivyo hivyo.

Buberwa alikuwa mkulima wa kahawa, na sigara haikumtoka mdomoni. Vidole vyake vya mguu vilipoanza kuwa vyeusi, zahanati walimpa dawa ya kidonda, isisaidie kitu. Nyumbani wakasema ametegewa, amekanyaga kitu. Na aliyetega, wakasema, ni dada yake Ephrasia, aliyeachika na kurudi kuishi pembeni mwa kibanja, shamba la migomba la kaka yake. Wakamkataza kuingia chumbani kwa mgonjwa. Weusi ukapanda, Buberwa akafa, na kabla hajazikwa ndugu wakamfukuza Ephrasia. Mwesiga, wakati huo mwanamume mzima mwenye mke, ndiye aliyembebea mkeka wake mpaka barabarani. Shangazi alimtazama tu, akaenda zake kijiji cha Ngenge.

Sasa mkewe Mwesiga, Joyness, alikuwa ameuona ule mguu. "Utanificha mpaka lini?" akamuuliza, akampeleka Bukoba mjini.

Daktari Joanitha alimfunga mkanda wa presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Akapaka jeli na kugusisha kifaa kidogo kama kalamu, kinachotoa sauti ya damu ikipita. Mguu wa kulia ulivuma kwa nguvu. Wa kushoto ulinong'ona. Akampima na kwa altrasaundi, akamwonyesha kwenye kioo mahali mshipa ulipokuwa mwembamba.

"Mafuta yameganda humu, baba, damu haifiki chini vizuri. Unavuta sigara?"

"Navuta."

"Acha leo. Nitakuanzishia dawa na kukupa rufaa. Siku hizi wanapitisha waya mwembamba kwenye kinena, wanajaza puto dogo ndani ya mshipa, njia inafunguka. Umewahi."

"Na asiyewahi? Vidole vinakuwa vyeusi?"

"Vinakufa kwa kukosa damu."

"Pasipo mtu kumfanyia kitu?"

Daktari akashangaa. "Mtu gani, baba?"

Mwesiga akainama kuvaa viatu.

Rufaa ilimfikisha kwa mabingwa, mshipa ukafunguliwa, unyayo ukarudi kuwa na joto. Akapanda kilima bila kusimama. Joyness alitoa shukrani kanisani kwa sauti, lakini mumewe hata chakula kilikuwa hakimpendezi. Mwishowe akaenda Ngenge.

Alimkuta Ephrasia uani akipukuchua mahindi, amekonda, macho bado makali.

"Shikamoo shangazi. Ni mimi, Mwesiga."

"Marahaba. Nimekujua tangu njiani. Unatembea kama yeye."

Akamweleza yote, mkanda, kioo, puto. Mikono ya shangazi haikuacha mahindi.

"Kwa hiyo hospitali wamekwambia sikumroga kaka yangu."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Mimi sikuhitaji mashine kuniambia." Akachukua hindi jingine. "Aliteseka sana mwishoni?"

Mwesiga angeweza kudanganya. "Alikuwa anakuita," akasema. "Tukamwambia umekataa kuja."

Gunzi likamponyoka Ephrasia. Akajifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo hivyo, naye Mwesiga hakuthubutu kumgusa. Mwesiga alipomwomba warudi pamoja Kishanda, alitikisa kichwa.

"Nikamsalimie nani, mwanangu waitu? Nenda ukawaambie wao."

Alikwenda. Katika wale ndugu waliomfukuza shangazi, alikuwa amebaki Kahigi peke yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo yameshapita," akaomba aletewe maji ya kunywa.

Mwesiga alirudi Ngenge mara kadhaa, akipeleka ndizi na kahawa. Shangazi alivipokea na kushukuru. Neno la msamaha hakulitamka, naye Mwesiga hakulidai tena. Masika ilipoisha Ephrasia alifariki, akazikwa huko huko, na watu ambao hawakuwahi kumwita mchawi. Msibani wakawa wanamsimulia Mwesiga jinsi shangazi yake alivyokuwa mcheshi, yeye akawa anaitikia kwa kichwa tu, kama mgeni.