Sauti Iliyokuwa Chini ya Diski

Nengah Rinten alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, atausukuma tena. Akizima jiko, atarudi kuligusa. Kwa tabia hiyo wazee wa kijiji cha Tegalwani walimkabidhi kompyuta ya nyumba ya kumbukumbu, ingawa masomo yake yaliishia sekondari. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikiendeshwa na mfumo wa Linux kwa sababu ni wa bure, na diski yake ya ndani ilikuwa ndogo. Kwa hiyo nyimbo zote za wazee zilikaa kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. Kompyuta iliunganishwa nacho kupitia folda moja iliyoitwa Hifadhi.

Mkesha wa Nyepi, sikukuu ya kimya ya kila mwaka, Nengah alichomoa kila kitu, maana siku hiyo hata taa haiwashwi. Kisanduku akakifungia kabatini. Nyepi ilipopita, mwenzake Made Suwitra, mshika kinasa sauti, alitangulia kufika. Akawasha kompyuta, akanywa kahawa, kisha ndipo akakumbuka kisanduku na kukichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Nengah alipoingia aliiona, akaridhika.

Kiangazi hicho ndipo Babu Danta alipokubali kurekodiwa. Ni yeye peke yake aliyebaki akijua wimbo wa kusindikiza roho maiti inapochomwa moto, kwa sauti ya Tegalwani. Vijiji vya jirani vina maneno yale yale, lakini sauti yao inapanda pale ya Tegalwani inaposhuka. Mzee alikuja na fimbo yake, akaimba, akakohoa, akamtukana jogoo wa jirani.

"Imenaswa?" aliuliza kila alipomaliza.

"Imenaswa, Babu."

"Una hakika, mwanangu? Nikifa mtanichoma kwa nyimbo za redio nyie, nawajua."

"Nina hakika, Babu. Iko salama."

Kila jioni Made alichomeka kadi ya kinasa, programu ikahamisha nyimbo kwenye Hifadhi, kadi ikafutwa. Kila wimbo ulipewa namba inayofuata ile ya mwisho, bila jina.

Mvua zilipoanza, Babu Danta akiwa amelala kitandani hajiwezi, kompyuta iligoma. Ilisema imejaa.

"Imejaa nini?" Nengah aliuliza. "Nyimbo ziko kwenye kisanduku."

"Labda imeshiba sadaka za maua unazoiwekea," Made alisema.

Nengah hakucheka. Aliizima, akaiwasha upya. Akafungua Hifadhi: nyimbo zimo, kuanzia namba moja, orodha ndefu. Akapima folda nyingine za ndani moja moja. Zote zikijumlishwa hazikufika hata nusu ya diski ya ndani, lakini mashine iling'ang'ania kwamba imejaa. Mwisho akaizima, akachomoa kisanduku, akaiwasha bila kisanduku. Akafungua Hifadhi akitarajia patupu.

Palikuwa na faili. Namba moja, namba mbili, namba tatu, zikiendelea.

"Made, njoo uone! Kisanduku ninacho mkononi, na nyimbo zimo. Zimetoka wapi?"

Made aliinama juu ya bega lake. "Si ni zile zile? Namba ni hizo hizo. Mashine imejinakilia. Futa, dada, tufanye kazi."

"Subiri nihakikishe."

Akachomeka kisanduku, akaiwasha upya, akasikiliza namba moja. Ilikuwa bembelezi ya bibi mmoja wa zamani, anaijua. Namba mbili vilevile. Moyo ukatulia. Akazima, akachomoa, akazifuta faili zote zilizojitokeza. Kompyuta ikapumua. Siku hiyo hiyo Made akaijaza nafasi ile kwa video za sherehe ya hekalu.

Babu Danta akafariki. Kuhani akapanga siku ya kumchoma, na Luh Renteng, binti wa mzee, akaja akiwa na kitambaa cheupe kichwani.

"Dada Nengah, nimefuata sauti ya baba. Waimbaji wanataka wajifunze mapema."

Nengah alishuka hadi mwisho wa orodha. Namba ya mwisho ilikuwa na tarehe ya mkesha wa Nyepi. Baada yake, hakuna kitu.

Kila kitu kilijipanga kichwani mwake, taratibu, bila huruma. Kompyuta ile ilikiunganisha kisanduku wakati wa kuwaka tu, na Made alikichomeka baadaye. Taa iliwaka kwa umeme tu, bure. Kiangazi kizima folda ya Hifadhi haikuunganishwa na kisanduku, ikapokea nyimbo kwenye diski ndogo ya ndani, na programu, isipokuta namba yoyote, ilianza tena na moja. Alipowasha upya, kisanduku kilikaa juu ya nyimbo zile kama sinia juu ya sinia: ukitazama unaona la juu tu. Yeye alisikiliza la juu, akamwaga la chini.

"Kuna nini?" Luh aliuliza.

"Nimemfuta, Luh. Nimemfuta kwa mkono wangu."

Luh alikaa kwenye kiti alichokalia baba yake. "Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, 'Nengah amesema iko salama.' Ilimfanya alale."

Made alipeleka diski ya ndani kwa fundi wa mjini Denpasar. Fundi aliirudisha pamoja na kipande kimoja alichookoa. Kwingine kote, alisema, video zimeandikwa juu yake. Walikisikiliza watatu, wamesimama. Jogoo aliwika. Kikohozi. Kisha sauti ya mzee: "Imenaswa?" Na sauti ya mwanamke, tulivu, yenye hakika: "Imenaswa, Babu."

Kikaishia hapo.

Siku ya kuchoma, waimbaji waliitwa kutoka kijiji cha jirani. Waliimba vizuri. Pale ambapo sauti ya Tegalwani hushuka, yao ilipanda, na wazee wachache waliowahi kuisikia, ingawa hawakuweza kuiimba, wakatazamana, kisha wakatazama chini. Nengah alisimama nyuma ya wote, mdomo wazi kidogo, akijaribu kuikumbuka ile ya kushuka. Aliisikia kiangazi kizima. Lakini wakati wote alikuwa akitazama taa ya kijani.