Freni Haisikii

Mi sikuwa fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, na hata leo si fundi. Nilikuwa mpiga chapa katika biro, ofisi ndogo ya afya pale Baraka kando ya ziwa, wakati wa vita ile ya pili. Ordinateri yenyewe ililetwa kwa mashua kutoka Kigoma, imeviringishwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Aliyekuja nayo alinionyesha kwa siku mbili jinsi ya kuwasha, kuandika na kuzima, kisha akarudi alikotoka. Akaniachia mashini inayoongea Kifaransa kitupu, na mi niliiogopa kuliko nilivyomwogopa mkubwa wangu wa kazi.

Ndani yake kulikuwa na mchezo wa magari. Nani aliuweka, sijui. Gari moja nyekundu, barabara yenye kona nyingi, na mishale minne ya kubonyeza: wa juu ni mwendo, wa chini ni freni, ile wengine wanaita breki, na miwili ya pembeni ni usukani. Mi sikuwa na wakati nao. Grupu ya umeme, ile jenereta, waliiwasha saa nane mchana wakaizima saa kumi na moja, na ripoti zilikuwa zinanisubiri. Aliyekuwa na wakati ni yaya, kaka yangu mkubwa.

Yaya alikuwa shofere, dereva wa kamio, yale malori makubwa. Niseme mara moja yaliyompata, maana bila hayo hutaelewa kitu. Mama yetu alikwenda Lubondja kuvuna muhogo, risasi zikaanza huko, watu wakakimbilia Fizi. Yaya akapanda mlima na kamio ya tajiri mmoja kwenda kuwachukua. Wakati wa kushuka watu walijaa juu ya magunia, mama kati yao, na kwenye kona moja kamio haikupunguza mwendo. Ikaingia mtaroni. Wengine walitoka na michubuko. Mama alianguka vibaya, tukamzika kesho yake.

Yaya alisema alikanyaga freni kwa wakati, ila freni hazikusikia. Sokoni bamama walisema ni mguu wake uliochelewa, kwamba woga ulimshika. Na kabla fundi yeyote hajaenda kuangalia, watu wenye silaha wakaichoma ile kamio palepale ilipolala. Vikabaki vyuma vyeusi, na hakuna wa kumuuliza.

Toka siku ile yaya hakugusa usukani, na maneno yake yakawa ya kuhesabika. Mchana nilimleta biro ili asikae nyumbani peke yake. Siku moja nikamfungulia ule mchezo, basi tu, kama unavyompa mtu karanga atafune. Akakaa. Kwenye kona ya kwanza akakanyaga ule mshale wa chini. Nasema akakanyaga, kwa sababu hata kidole alikitumia kama mguu. Gari ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeiambia kitu, kisha ikapunguza mwendo ikiwa imeshagonga ukuta. Akarudia. Ikagonga. Akanigeukia akasema, "Haisikii."

Aka, ona ujinga wangu! Mi nikafikiri anasema sauti. Nikatafuta pahali pa sauti katika kile Kifaransa chote, nikaikuta imezimwa, nikaiwasha na kuipandisha mpaka mwisho, injini ikanguruma biro nzima, na mkubwa wangu akachungulia mlangoni kuuliza kama ni ndege zimekuja. Yaya akatikisa kichwa tu. Sasa gari ilichelewa zaidi kuliko mwanzo, na yeye akaendelea kugonga ukuta, mpaka grupu ilipozimwa, kwa utulivu ambao sikuuelewa hata kidogo. Ni jioni, nikiwa nachambua ndagala, wale dagaa, jikoni, ndipo nilipokumbuka kwamba mashofere hawasemi freni imekufa, wanasema haisikii. Nilicheka peke yangu mpaka batoto wa jirani wakanishangaa.

Nikajiambia: kumbe dawa ninayo. Nikiponya hii mashini, gari ikamtii, moyo wake utarudi, na siku moja atashika usukani wa kweli. Niliamini hivyo kabisa. Nikaanza na nilichokijua. Nilifungua ubavu wa mashini, nikatoa vumbi kwa unyoya wa kuku, nikaisogeza karibu na dirisha ipate hewa. Hakuna kilichobadilika. Ukibonyeza leo, inaitika kesho.

Kuuliza si ujinga. Nikamwendea fundi wa redio karibu na soko, baba mmoja wa Kiislamu aliyewahi kuona ordinateri nyingi huko Kigoma. Akaja, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akamwangalia yaya anavyocheza, akasema, "Iko nzito. Imebeba mingi. Punguza mizigo."

Yaya akasimama, akatoka nje. Sikujua kwa nini. Nilimwomba fundi msamaha kwa niaba yake, nikasema siku hizi yuko hivyo, husimama tu na kuondoka.

Fundi alinifundisha mambo yaliyonichanganya kichwa. Kwanza nifunge ripoti zangu zote, kwa sababu zilikuwa wazi nyuma ya mchezo, nami nilidhani kitu usichokiona hakipo. Kisha akaniingiza pahali pa kuchagua, akasema nitoe miti. Miti gani? Ya kando ya barabara, akasema, na vivuli vyake, na mawingu. Nikatoa. Nikaona barabara inabaki uchi, nikajiuliza ni ufundi gani huu wa kuponya gari kwa kukata miti. Gari ikawa na nafuu, lakini bado ilichelewa kidogo. Nilipolalamika akanitania kwamba haraka haraka haina baraka, na mi nimekaa hapahapa Baraka nikitaka haraka. Akashika kidevu. Mwisho akazima sauti yote, ile niliyoipandisha mwenyewe.

Bonyeza, imesimama. Papo hapo! Akanieleza kwamba mashini ilikuwa inapika sauti na picha kwenye jiko moja, na moto hautoshi. Nusu ya ugonjwa nilikuwa nimeuleta mi kwa mikono yangu. Nilifurahi kupita kiasi, nikamkimbilia yaya nje, nikamvuta kwa mkono.

Akakaa. Hakuna miti, hakuna sauti, barabara tu. Kwenye kona ya kwanza akakanyaga, na gari ikasimama, ukuta uko mbele yake mbali. Akaenda ya pili, ikasimama. Ya tatu pia. Mi nilikuwa napiga makofi. Yeye akaondoa mkono, akauweka juu ya paja lake.

"Kumbe ukikanyaga kwa wakati, inasikia," akasema.

Akaondoka bila kumuaga fundi. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nyumbani sahani yake ya ugali ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Nilichanganyikiwa, kisha nikakasirika, kwa maana hasira kwangu haiko mbali. Muntu anatengenezewa kitu, badala ya kusema aksanti ananuna! Nilihesabu makosa yangu sikuyaona. Je, ni fundi aliyemtukana? Je, ni mimi na makofi yangu? Nilimuuliza, akageuza uso ukutani.

Siku ya tatu nilikuwa biro naandika ripoti ya dawa, vidole vikasimama vyenyewe. Mchana wote ule, yaya hakuwa anashindwa mchezo. Alikuwa amepata shahidi. Alipata kitu kimoja hapa duniani ambacho unakiambia kwa wakati nacho kinachelewa chenyewe, na mguu wako hauna kosa. Na mi, na unyoya wangu wa kuku, nimemfukuzia shahidi wake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikaiharibu. Nilirudisha miti yote, vivuli, mawingu, nikapandisha sauti, nikafungua kila ripoti niliyokuwa nayo. Nikaenda nyumbani nikambembeleza, nikasema mashini imekuwa mgonjwa tena, aje aione. Siku ya nne akaja. Akakanyaga kwenye kona. Gari ikachelewa, ikagonga ukuta kwa kelele. Mi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nangoja aseme lile neno lake.

Hakulisema. Aliitazama miti.

"Mudogo wangu, ni we umeiharibu."

Nikakubali. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza toka mazishi akaniangalia usoni.

"We unaamini nini? Ni mguu wangu, ao ni freni?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, uongo mzuri wa kumsaidia mtu. Ningesema freni, yaya, ni freni, na angejua palepale kwamba namdanganya, kama alivyojua kuhusu miti. Sikuwa kwenye ile kamio. Nilimpenda mama, nilimpenda yeye, na sikujua.

"Sijui, yaya," nikasema.

Akaondoa kidole kwenye mshale.

"Hata mi sijui," akasema.

Alikuwa hajawahi kusema hivyo. Miezi yote ile yeye alisema freni, bamama wakasema mguu, mi nikanyamaza, na katika ubishi huo hakuna aliyepata nafasi ya kumlilia mama. Akaweka kichwa juu ya meza ya biro, mbele ya mkubwa wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, akalia akimwita mama, na mi nikamwita pamoja naye.