Jiwe la Mkadam halitiwi saruji

Asubuhi, kwenye kiwanja cha kijiji kimoja cha Dima wa Tayyin, Oman, Mkadam Sabir anakaza skrubu. Jiwe la marumaru analolifunga kwenye nguzo litafunguliwa pazia leo, jiwe la msingi la kituo cha afya. Halwa na kahawa zishashushwa garini.

"Saruji iko wapi?" anauliza msimamizi wa sherehe.

"Saruji bado, ustadh. Skrubu tu."

Mkadam ana karakana mjini Ibra, huchonga mawe ya msingi ya shule na misikiti. Kazaliwa Tabora, kaletwa Oman akiwa mdogo.

"Shangazi yangu wa Tabora kaona picha nimeshika bikari na skwea," anasema akicheka. "Kanipigia simu analia, 'Mkadam, umeingia Frimasoni?' Nikamwambia, wallahi shangazi, napima herufi zisiende upande!"

Na hizo skrubu? Kumbe pembeni ya kiwanja kuna jiwe jengine, la kituo hichi hichi, kachonga yeye. Lilizinduliwa kwa makofi, akalitia saruji, mkandarasi akafilisika. Kituo hakikujengwa. Mbuzi wanajikunia hapo.

"Jiwe likishagandishwa kwenye nguzo, watu wanaona kazi khalas," anasema. "Hili litahama. Nitalitia saruji kwenye ukuta wa kituo, si kabla."

Mama yake, Bi Mahfoudha, anaishi hapa na ana sukari. Dawa zake ziko Ibra. Wadi, lile bonde la mto mkavu, likijaa maji, njia inakatika. Mvua ya juzi ilimkuta dawa zimekwisha, akazirai jikoni.

Pazia linavutwa. Wageni wanapiga picha, wanakula halwa, wanaondoka. Bi Mahfoudha anakuja na mkongojo wake kulitazama jiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mfuko wako wa saruji uko stoo kwangu, mwanangu. Utaganda ule."

"Ukiganda nitaleta mwengine."

"Na mie nikiganda?"

Waliobaki wanacheka. Mkadam hacheki. Anapangusa vumbi kwenye jiwe, ambalo halina vumbi.

Halafu anatoa bisibisi mfukoni, anamtia mama yake mkononi.

"Kaa nayo. Ukuta ukisimama, skrubu ya kwanza unafungua wewe."

Bi Mahfoudha anaifunga kwenye pembe ya leso, anapotia funguo zake.

"Basi waambie wafanye haraka," anasema. "Mie sitaki kuibeba sana."