Mtoto Alinyamazia Jina Gani

Kwetu mtoto mchanga akilia sana, hatusemi tu ni tumbo. Nyanya humwitia majina ya watu wetu waliotangulia, moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Wajukuu wangu wa Chwele wote niliwaitia hivyo, nikiwa nimewapakata, nikisikia pumzi inavyobadilika.

Huyu mdogo alizaliwa ng'ambo, kwa binti yangu kitinda mimba. Ningemfikiaje? Simu huku nyumbani hushika sauti ikipenda, picha, hapana. Ndipo nikaenda Kitale kwa mjukuu wangu mkubwa, msichana anayetunza kompyuta za chuo kimoja kidogo. Majina nilikuwa nayo kichwani. Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaniingia halitoki. Hapa sitayaandika. Ni ya wenyewe.

Alinikalisha mbele ya skrini. Binti yangu akatokea, kitambaa kichwani amekifunga vile nilivyomfundisha, na mtoto analia mkononi mwake. Hata salamu nilisahau.

"Anza, mama. Amelia tangu asubuhi."

Nikaita la mama mkwe wangu. Kilio. Nikaita la mama yangu, na hilo ndilo nililolitaka tangu niliposikia habari ya mimba, kwa sababu hakuna msichana wetu amelibeba, na waliomjua uso nimebaki mimi. Kilio. Nikaita la shangazi yangu. Kabla sijalimaliza, mtoto kimya.

"Basi ni la shangazi," nikasema, na roho nzito.

Jibu la binti yangu likachelewa kufika. "Mama, sijui ni lipi! Majina yalikawia, halafu yakaja yote pamoja kama ng'ombe wakitoka zizini."

Picha ikaganda. Kisha chuo kizima kikakosa mtandao, na wanafunzi wakaanza kupiga kelele huko nje.

Mjukuu wangu alishika kichwa. Akanieleza kwamba kila kinachoingia na kutoka hupitia mashine ya mlangoni, fayawoli, kama askari wa geti. Ikizidiwa, inawapangisha foleni, na foleni ina kipimo; kikijaa, wanaofuata wanarudishwa. Wanafunzi walikuwa wamelalamika, naye akaongeza kipimo mpaka basi.

"Niliwaonea huruma, Kukhu," akasema, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita nyanya. "Si ni wewe ulitufunza mtu harudishwi mlangoni bila chai?"

"Chai, ndiyo. Lakini umeniona lini nikikaribisha soko lote la Chwele kwa sufuria moja?"

Alicheka vibaya. Ati kila anayengoja hula memori ya ile mashine, na memori ikiisha, mashine inaanguka. Na majina yangu yalikuwa yameketi nyuma ya sinema za wanafunzi, yakingoja zamu.

Akaiwasha mashine upya, akapunguza kipimo, akaitengea sauti njia yake fupi. "Sasa maneno mengine yanaweza kupotea," akaniambia, "lakini yatakayofika yatafika kwa wakati."

"Na jina likipotea?"

"Utaliita tena."

Shida ni kwamba mtoto alikuwa amenyamaza, na huwezi kumwitia mtoto aliyenyamaza. Nililala Kitale nikingojea alie. Nyanya gani huombea mjukuu kilio? Kanisani kesho yake niliimba, lakini masikio yalikuwa ng'ambo.

Baada ya ibada tukarudi chuoni mbele ya ile skrini; simu ikaita, na kilio kikatangulia. Nikaanza upya, polepole. La mama mkwe: kilio. La shangazi nikaliita la pili, kwa makusudi, nisije nikajidanganya: kilio, bila kupumzika. Nikangoja kidogo. Nikaita la mama yangu.

Kimya.

Nikamgeukia mjukuu wangu mkubwa. "Imeanguka tena?"

"Haijaanguka, Kukhu."

"Mama, si mtandao," binti yangu akasema, na sauti yake ikafika palepale. "Ni yeye. Anatafuta ni nani ameita."

Akasogeza simu karibu. Nikaona paji la uso, pana, la mama yangu kabisa. Nilitaka kunusa zile nywele. Nikaliita tena lile jina, ingawa hakuna aliyekuwa akilia huko, na nilipotazama chini nikaona mikono yangu imejikunja mapajani, imepakata leso tupu.