Udongo wa Mlimani

Binti anayetutunza sisi wazee wa makao ya Harrow, huku ughaibuni, ana mikono mikavu kwa kutuogesha. Jana alitupeleka kwa treni, kwenda na kurudi, kwenye nyumba kongwe ya watawa huko milimani. Hutuhesabu kwa kutugusa mabega. Alipofika kwangu akasema, "Bibi, nishike mkono." "Sijapofuka mie," nikamjibu, kama kila siku. Akacheka. Mamake kazikwa Machakos Jumamosi, naye hakwenda, karatasi zake za kukaa nchi hii hazijatoka.

Kule juu wenzangu walipiga picha za kuta. Yeye aliinama kwenye kaburi la mtawa lisilo na jina, akachota udongo, akaumwaga juu ya kaburi taratibu, kama tufanyavyo mazikoni. Akajipangusa viganja, akaanza kutuhesabu. Alipofika kwangu akanigusa bega tu, akapita.

"Nishike mkono, mwanangu," nikamwambia. "Njia inateleza."

Njia ilikuwa kavu.