Mwenye Nyumba Alifuata Mbao Zake

Sikuomba kuwa na kisa cha kusimulia. Nilichotaka ni nyumba ndogo ya mbao kwenye shamba la baba, mlango mmoja, basi. Wewe unaweza kusema ulikuwa uchovu, au ukungu, au njaa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kabla yako. Lakini lile jiwe liko jikoni kwangu hadi leo, jeusi upande mmoja, na uchovu haubebi mawe. Jina langu sitalitaja, wala la kilima chetu, na majina ya wadogo zangu nimeyabadilisha. Ukifika mwisho utaelewa sababu.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alipokufa na mama akamfuata, nilitoka shuleni nikaanza kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, kubeba mizigo ya watu Butembo, ili wadogo zangu Kambale na Kahindo wao wasitoke. Tulikuwa wapangaji. Unayajua maisha ya mpangaji? Pale Vulamba bailleur, mwenye nyumba, alitufukuza kwa sababu moshi wetu unachafua ukuta wake. Tukahamia Kimemi. Mwenye nyumba wa Kimemi aliingia bila kubisha, akafunua sufuria yetu, akaonja, akasema chumvi ni kidogo. Halafu mtoto wake akaoa, na chumba chetu kikatakiwa. Siku hiyo Kahindo alikuwa amekaa juu ya godoro, nje, watu wakipita. Akaniuliza mimi kaka yake, "Yaya, sisi tutakuwa na mulango yetu siku gani?"

Mlango sikuwa nao. Nilikuwa na shamba tu, huko juu upande wa Lubero, ukielekea Alimbongo, mahali ambapo ukungu unashuka mchana na jirani wa karibu humwoni, unamsikia akikohoa. Na hata hilo lilikuwa linaponyoka. Baba mdogo wetu alikuwa amekwenda kwa shefu wa kilima kumwambia kwamba sisi tumekuwa watu wa mji. Kwetu wanasema shamba lisilo na moshi ni kichaka, na kichaka shefu anampa amtakaye.

Shefu hakuwa mtu mbaya. Aliniita mbele ya baba mdogo.

"Mutoto yangu, mimi sipendi maneno mingi. Kisha misa ya mavuno, kesho yake nitapanda kule juu. Nikiona nyumba na moshi, shamba ni ya baba yako. Nikikosa moshi, huyu atalima."

"Atajenga na nini?" baba mdogo akauliza, akinitazama viganja. "Na chukudu?"

Nikavificha viganja. Nilipotoka pale nilikuwa nimeuma meno hadi taya linauma.

Mbao mpya sikuziweza. Mtu sokoni akaniambia niende Beni, kuna nyumba ambazo watu walizikimbia wakati wa vita na hawakurudi, zinabomolewa na mbao zinauzwa kwa bei ya maskini. Nikaenda. Muuzaji alinionyesha nyumba moja nzuri, ndogo, mbao ngumu za msituni ambazo mchwa hawazili. Nikamwuliza wenyewe wako wapi.

"Balienda," akasema.

"Balienda wapi?"

"Balienda tu. Unanunua ao unaandika historia?"

Tukaibomoa pamoja. Kwa sisi wajenzi wa mikono mitupu kuna njia ya kuokoa pesa ya fundi: unaandika kila ubao kwa makaa, huu wa kushoto, huu wa juu, huu wa pembeni, kisha unaisimamisha nyumba kule kwako jinsi ilivyokuwa, ubao kwa ubao. Ndivyo nilivyofanya. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za kisu, moja juu ya nyingine, alama za mama anayepima watoto wake wanavyokua. Niliziona. Nikafikiri ni vizuri, Kahindo ataendelea hapo.

Mafiga ya ile nyumba yalibaki chini kwenye majivu. Mawili tu. Hilo nalo niliona, lakini lori lilikuwa linapiga honi.

Sitakuchosha na habari za barabara. Lori lilizama kwenye matope, likatolewa, likazama tena. Shoferi alitushusha chini ya kilima akasema gari yake si mbuzi. Nikapandisha mbao kwa mgongo, siku baada ya siku, mvua ikinipiga. Mbao za zamani zimekauka kama mfupa: msumari unaingia nusu, unapinda. Nilinyoosha misumari ile ile juu ya jiwe mpaka vidole vikawa vyeusi. Manjanja, yale mabati ya paa, yalikuwa na matundu, nikayaziba kwa lami.

Halafu yakaanza mambo. Nilikuwa nalala chini ya kilima kwa mama mmoja jirani, na kila asubuhi nilipopanda nilikuta mlango uko wazi, ingawa niliufunga kwa kamba. Nikafunga kwa waya. Wazi. Nikagongelea ubao. Ubao ulikuwa umewekwa chini kwa adabu, na misumari pembeni yake imenyooshwa vizuri kuliko nilivyonyoosha mimi. Na ndani, udongo ulikuwa umefagiwa. Niamini, mistari ya ufagio niliiona. Nilikasirika sana nikijua ni baba mdogo ananichezea. Lakini jiulize: adui gani anakuja kukufagilia?

Kisha, alasiri moja, ukungu ulishuka mzito. Nilikuwa nakanda udongo wa kuziba nyufa za ukuta, matope hadi kifundo cha mguu, na kuni zote zimelowa, na misa ya mavuno imekaribia. Nikainua macho. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya mlango, kikwembe kimefungwa mgongoni na ndani yake kitu kizito, kama mtoto aliyelala. Nikadhani anatoka shambani.

"Wasibire, mama," nikamsalimu jioni njema kwa Kinande.

Hakuitikia. Alikuwa anapapasa mwimo wa mlango, pale penye alama.

"Kumbe ni huku mulileta," akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kutembea, na alisema Kiswahili cha Beni. "Nilirudia, nikakuta udongo mutupu. Nikafuata."

"Mama, ulifuata nini?"

"Nyumba."

Nitakwambia ukweli, sikuogopa. Nilichoka. Nikajisemea, huyu naye amekuja kudai. Nikamwambia mbao nilizinunua mbele ya watu, kama ana maneno ayapeleke Beni kwa aliyeniuzia. Hakunisikiliza. Aliweka kidole kwenye alama ya chini, akapanda kwenye inayofuata, akitaja jina kwa kila moja, polepole, kama mtu anayeita watoto waje kula.

"Bako wapi?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Tulipotezana kwa barabara. Nilifikiri bako ndani."

Akachungulia ndani. Nikachungulia pamoja naye, sijui kwa nini. Kulikuwa na mafiga yangu, mawili. La tatu nilikuwa bado sijapata. Kwetu mama anapohama habebi moto, anabeba jiwe moja la mafiga, na pale anapolitua ndipo nyumbani. Jiwe la mama yetu, bailleur wa Vulamba alilitupa mtaroni tulipochelewa kutoka.

"Hapana moto?" yule mwanamke akauliza.

"Kuni zimelowa, mama. Zote."

"Nyumba bila moto. Batoto batakula nini?"

Akafungua kikwembe. Hakikuwa na mtoto. Kilikuwa na jiwe la mafiga, jeusi kwa masizi upande mmoja, na nyuzi za kitambaa zimeshika juu yake kama limebebwa muda mrefu sana. Akaingia, nami nyuma yake, akainama akaliweka pamoja na mawili yangu. Nikaliangalia lile jiwe. Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu. Nikatoka nje. Matope niliyokuwa nakanda yalizunguka mlango wote, laini, na nyayo zilizokuwamo zilikuwa zangu peke yangu.

Nikagusa jiwe. Lilikuwa na joto la sufuria iliyotoka kuepuliwa.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Ungekimbilia wapi, kwa bailleur yupi? Nilikusanya vifaa, nikafunga mlango kwa waya, nikashuka Butembo kuwachukua wadogo zangu na jiko letu na kuni kavu, ili shefu akipanda atukute tunapika.

Tulipakia usiku wa kuamkia siku ya shefu, na barabara ikafanya kazi yake. Lori mbele yetu lililala kiubavu. Jua likapanda, sisi tumekaa kwenye tope, na kuni zangu kavu zinanyeshewa. Kambale akasema, "Yaya, labda shefu naye amelala kwa tope." Kahindo akamjibu kwamba shefu anatembea kwa miguu. Nikaruka chini, nikawaachia mizigo, nikakimbia. Nilijua nimeshindwa. Nilikimbia nikiwa na hasira na mvua, na lori, na baba kwa kufa, na mimi mwenyewe kwa kuwa mmoja tu.

Nilipofika kwenye kona ambapo kilima kinaonekana, niliona moshi.

Ulitoka kwenye paa langu, mweupe, umenyooka. Shefu alikuwa amekaa nje juu ya masalia ya mbao, kofia magotini. Baba mdogo amesimama mbali kidogo, ameinamisha kichwa.

"Karibu kwako," shefu akasema. "Lakini umenikasirisha. Unaoa, hata shefu haumuambii?"

Sikuelewa.

"Bibi yako ametujibu mulangoni. Anasema uko njiani, tungoje. Nikamuuliza ni wa wapi, akanyamaza, lakini sauti ni ya Beni, hapana kunidanganya. Iko na haya sana, hakutoka. Ni vizuri. Bibi wa kusemasema anamaliza nyumba."

"Ulimuona?" baba mdogo akaniuliza kwa sauti ndogo. Siyo "umemuoa". Alisema "ulimuona". Nikajua yeye alichungulia.

Shefu akasimama, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema mbele yetu sote kwamba shamba ni la baba yangu na watoto wake. Wakashuka. Baba mdogo alishuka haraka, hakugeuka.

Nikaingia. Moto ulikuwa unawaka juu ya mafiga matatu, na kuni zilizokuwa zikiwaka ni zile zangu zilizolowa, nilizoziacha pale. Bado maji yalikuwa yanatoka kwenye ncha zake. Ndani hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa umefagiwa.

Wewe unafikiri hapo ndipo furaha. Hata mimi nilifikiri. Sikiliza sasa.

Nyumba ile tunaishi humo. Lakini kila siku ukungu unaposhuka, mlango lazima uwe wazi. Ukiufunga, anabisha, polepole, bila kuchoka, na hakuna anayelala. Chumba kilicho karibu na moto si chetu. Kahindo akiacha vyombo bila kuosha, asubuhi anavikuta vimeoshwa na kufudikizwa, na yeye anajisikia ametukanwa. Usiku mkono unapita juu ya vichwa vya wadogo zangu, kimoja, halafu kingine, halafu unaendelea kwenye godoro tupu, unatafuta. Kambale anasema ameshazoea. Mimi sijazoea. Padri alikuja akabariki vyumba vyote, akanywa chai, akasifu mbao. Jioni ile ile mlango ulibishwa.

Na kuna hili linalonichoma zaidi. Kilima chote kinajua nimeoa. Shefu amewaambia. Nilipopeleka maneno kwa familia ya msichana niliyempenda, baba yake alinitazama kama mwizi. "Na ule wa Beni utamupeleka wapi?" Nimjibu nini? Nikisema sina mke, nani aliwasha moto? Na ule moto ndio shamba. Nikitoa ukweli, baba mdogo atapanda kwa shefu siku hiyo hiyo kusema moshi haukuwa wangu, na Kahindo atarudi kukaa juu ya godoro barabarani. Kwa hiyo ninanyamaza, ninaulizwa mke wangu hajambo, ninajibu hajambo.

Ndiyo maana jina langu hulioni hapa.

Sasa wewe unayetaka kujenga kwa bei ndogo, mbali na watu, sikukatazi. Jenga. Lakini ukinunua nyumba iliyobomolewa, usiulize tu kama mbao zina mchwa. Uliza ni nani aliyepika humo mara ya mwisho. Tafuta mafiga. Ukiyakuta matatu, chukua mbao zako uende kwa amani. Ukiyakuta mawili, ujue la tatu liko mgongoni mwa mtu, na mtu huyo bado anatembea.

Nilikimbia mabailleur wote wa Butembo. Nimejenga kwa mikono hii, kwenye shamba la baba yangu, na mimi ni mpangaji tena. Tofauti ni kwamba huyu anatuhesabu vichwa usiku, na hajawahi kutuambia tuondoke.

Ukungu umeanza kushuka. Niache nikafungue mlango kabla hajabisha.